HAKI YA NJIA ILIYO MBELE YA NYUMBA YAKO

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu, darsa letu la mara hii ni juu ya mas-ala ambayo wengi huyaona madogo, nayo kwa Mwenyezi Mungu si madogo: ni nani apasaye kuisafisha njia ipitayo mbele ya nyumba? Na mtu akiteleza hapo akavunjika mguu, ni nani wa kulipa?

Mji wetu wa Garissa ni mji wa ukame. Mvua zetu ni za misimu miwili, Gu na Deyr, nazo ni chache. Lakini zinyeshapo hunyesha kwa mkupuo juu ya ardhi iliyokauka, na maji hayapati pa kuingia. Barabara hugeuka madimbwi, mitaro hufurika, na taka zilizokaa kiangazi kizima huelea mlangoni mwa watu. Hapo ndipo yaanzapo maneno. Mmoja husema, "Njia si yangu, ni ya serikali." Jirani humjibu, "Lakini iko mlangoni pako." Kila mmoja hushika upande wake, na maji hubaki pale pale mpaka yaote kijani na yazae mbu.

Basi na tuyapime maneno ya wote wawili katika mizani ya sharia, tuone ni lipi la kweli na ni lipi la kisingizio.

ASILI YA MAS-ALA

Jueni kwamba njia ina haki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kuwa imani ni matawi mengi, na kwamba kuondosha chenye kuudhi njiani ni mojawapo ya matawi hayo. Na katika hadithi ya Bukhari na Muslim imetajwa habari ya mtu aliyekuta tawi la miiba njiani akalitoa, Mwenyezi Mungu akaipokea kazi yake hiyo na akamsamehe. Na kwa upande wa pili, Mtume (s.a.w.) ametuonya na kujisaidia haja katika njia ya watu au katika kivuli chao, akalihesabu jambo hilo kuwa ni lenye kuvuta laana.

Tazameni basi! Jambo moja la njiani, mwenye kuliondosha hupata msamaha, na mwenye kuliweka hujitafutia laana. Hii ndiyo sababu wanavyuoni hawakuiacha njia iwe ni mas-ala ya adabu tu, bali waliiandikia hukumu za dhamana, yaani za kulipa.

KWANZA: ULILOLIWEKA WEWE

Chuo ambacho wanafunzi wetu wa fiq-hi ya Shafi hukisoma sana ni Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277). Humo, katika mlango wa dia, Imamu ametaja mambo ambayo ukiyasoma utadhani ameyaandika akiwa amesimama sokoni kwetu. Amesema kuwa mwenye kutupa taka au maganda ya tikiti njiani, kisha kikaharibika kitu kwa sababu yake, huyo ni juu yake dhamana, kwa kauli iliyo sahihi. Na sisi matikiti ndiyo mazao ya mashamba yetu ya ukingoni mwa Mto Tana! Yanaliwa barabarani, na maganda huachwa pale pale yalipoangukia.

Vile vile ametaja mlizamu, yaani bomba la kuteremshia maji ya paa, utokezao juu ya njia: inajuzu kuuweka, lakini ukidhuru mtu au mali, mwenyewe hulipa. Akataja ukuta: aliyeujenga tangu mwanzo ukiwa umeinamia njia, ukaanguka, hulipa, lakini aliyeujenga umenyooka, kisha ukainama wenyewe ukaanguka, hana dhamana, ijapokuwa wako waliosema kuwa hulipa ikiwa alipata nafasi ya kuubomoa au kuutengeneza akaacha.

Katika mifano hii msingi ni mmoja: lile ulilolitia njiani kwa mkono wako, au kwa nyumba yako, ni lako mpaka ulitoe. Halikutoki kwa kulivusha kizingiti. Maji ya kufulia, majivu ya jiko, utumbo wa mbuzi aliyechinjwa, mchanga na mawe ya ujenzi yaliyokaa barabarani miezi sita, punda na mkokoteni waliofungwa katikati ya kichochoro: yote haya mwenyewe anajulikana, naye ndiye wa kuulizwa duniani na Akhera. Ikiharibika mali, hulipa yeye. Akifa mtu, basi ni dia, nayo huwaangukia jamaa zake wa upande wa baba. Na watu wa nchi yetu hawahitaji kuelezwa uzito wa dia.

PILI: LILILOTEREMSHWA NA MBINGU

Je, mvua? Mvua hakuna aliyeitupa njiani. Hapa ndipo penye tofauti, na aliyeifafanua vizuri ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), katika Ihyau Ulumid-Din, alipozungumza juu ya maovu ya njiani. Yeye alikuwa mtu wa Tus, katika Khurasan, nchi ya baridi, kwa hiyo pamoja na maji ya mvua na matope ametaja hata theluji, ambayo wengi wetu hatujapata kuiona. Amesema kuwa kuviacha vitu hivi njiani bila ya kuviondosha ni jambo ovu, lakini si ovu la mtu mmoja maalumu; isipokuwa theluji iliyotupwa njiani na mtu ajulikanaye, au maji yaliyokusanyika kutoka katika mlizamu ujulikanao, hapo mwenyewe hasa ndiye apasaye kuisafisha njia. Ama yakiwa ni ya mvua, hiyo ni kazi ya umma: ni juu ya watawala kuwakalifisha watu waifanye, na mtu mmoja mmoja hana ila kuwaidhi.

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Hakusema kuwa watawala waifanye na watu walale. Amesema watawala wawakalifishe watu. Mtawala hupanga na huamrisha. Watu hutii na hufanya.

Na jambo hili tunaliona leo kwa ndugu zetu waliohamia Marekani. Wasomali wengi wanakaa mji wa Minneapolis, ambako theluji huanguka miezi mingi. Kanuni ya mji huo ni kuwa mwenye nyumba ya familia moja au mbili aiondoshe theluji na barafu katika njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba yake katika muda wa saa 24 tangu kwisha kuanguka. Asipofanya, mji huweza kuisafisha na kumdai yeye gharama. Ndugu yetu akiwa huko hushika koleo alfajiri akasafisha njia ya watu asiowajua, kwa kuwa mtawala amemkalifisha. Basi kwa nini akiwa Garissa, penye jamaa zake na jirani zake, aone ni fedheha kushika fagio?

TATU: YALIYOCHANGANYIKA

Yako mambo yaliyochanganyika, nayo ndiyo mengi kwetu. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu, lakini mtaro umezibwa na mifuko na nguo mbovu ulizozitupa wewe. Au umeinua kifusi mbele ya lango lako ili maji yasiingie kwako, yakageuka yakaingia chumbani kwa mjane jirani yako. Je, utasema, "Ni mvua tu"? La, hasha. Mvua haikumkusudia mjane. Wewe ndiwe uliyeielekeza. Msingi wa sharia ni kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana, na madhara hayaondoshwi kwa kumtwika mwengine madhara mfano wake.

Lakini uadilifu hutaka tuseme na upande wa pili. Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, na tena Aprili 2024, ukaikata barabara baina ya Garissa na Madogo, hilo si jambo la kumlaumu mwenye nyumba na fagio lake. Hilo ni la wenye mamlaka. Haifai mtawala kuwatupia raia mzigo wake, kama isivyofaa raia kujificha nyuma ya mtawala.

NA SHERIA YA NCHI JE?

Sheria ya Kenya haikwenda mbali na haya. Katiba ya mwaka 2010, katika Jadweli ya Nne, imeiweka kazi ya kuzoa taka na kuongoza maji ya mvua mijini juu ya serikali za kaunti. Kwa hiyo ni haki yenu kuidai, nanyi idaini kwa adabu na kwa maandishi. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 69, imemwajibisha kila mtu kushirikiana na serikali na watu wengine katika kuyahifadhi mazingira. Na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, imekataza mtu kusababisha uchafu wenye kudhuru afya, au kuuacha uwepo katika kiwanja alichokimiliki au anachokikalia. Afisa wa afya humpelekea ilani aliyeusababisha. Asipopatikana, humpelekea mwenye kukaa hapo au mwenye mali.

Na jueni pia kuwa mahakama ya kadhi, kwa Katiba, husikiza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Dai la mguu uliovunjika halisikilizwi huko. Ama mwende kwa hakimu, ama msuluhishwe na wazee. Na suluhu ni kheri.

MASUALA NA MAJIBU

Ikiulizwa: Nikinyunyiza maji mlangoni kulaza vumbi, mtu akateleza, nalipa? Jawabu: Ukinyunyiza kwa maslaha ya wapitao, na usipite kiasi cha ada, huna dhamana. Ukimwaga kwa haja yako mwenyewe, au ukafanya tope, ni juu yako.

Ikiulizwa: Mtu akiliona ganda, akalikanyaga makusudi akaanguka? Jawabu: Hana dai, kwani amejitia mwenyewe.

Ikiulizwa: Taka za mtu nisiyemjua zimewekwa mbele ya nyumba yangu? Jawabu: Huna dhamana ya usilolifanya. Lakini ukiziondosha umepata tawi la imani bure mlangoni pako. Ni nani mwenye akili akataaye?

TUFANYE NINI?

Madhara ya jambo hili si kuteleza tu. Mandera ilipatwa na homa ya dengi mwaka 2011, na chikungunya mwaka 2016. Magonjwa yote mawili huenezwa na mbu aumaye mchana, naye huzaliwa katika maji yaliyotuama karibu na nyumba: mapipa yasiyofunikwa, magurudumu mabovu, makopo yaliyotupwa. Mbu huyu hajui mpaka wa kiwanja. Azaliwaye kwako humuuma mtoto wa jirani.

Kwa hiyo nawausia mambo manne. Kila mtu aondoshe leo alichokiweka njiani, kwani hilo ni faradhi yake mwenyewe. Kabla ya Gu na kabla ya Deyr, watu wa kila mtaa wakutane baada ya sala ya Ijumaa wazibue mtaro wao, vijana kwa majembe na wazee kwa uongozi. Hilo ni la wote, wakiliacha wote hawana udhuru. Maji ya mvua yatakayo kuelekezwa, yaelekezwe kwa shauri la jirani, si kwa siri usiku. Na penye kazi iliyowazidi, waiandikie kaunti, wahifadhi na nakala.

Mtu asijidanganye kwa usafi wa ua wake na hali uchafu ameusukumia nje ya lango. Anayepita hapo ni mzee aendaye msikitini alfajiri, na mama mjamzito, na kipofu aliyeshika fimbo. Hao ndio wenye haki ya njia hiyo, nao watasimama kuidai Siku ambayo hapana mtaro wa kuificha.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sisi nanyi. Wallahu aalam.