Leza ya Macho kwa Wazee: Pima Kwanza, Safiri Baadaye

Wazee wengi wa Kisangani wana watoto au ndugu Kampala, Nairobi au Ulaya, na kwa simu husimuliwa kuhusu leza: fulani alipigwa mwanga dakika chache, akaachana na miwani. Habari hizo ni za kweli, ila mara nyingi fulani huyo bado kijana. Kwa mwenye miaka 60, ukungu wa macho kwa kawaida una chanzo kingine, na leza hiyo haikifikii.

Leza hugusa wapi?

Leza ya kuondoa miwani huchonga konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho. Lakini uzee huishika zaidi lenzi, iliyo nyuma ya mboni. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi hukakamaa. Ndipo mshonaji wa Mangobo huanza kuisogeza sindano mbali ili aone tundu. Huyo anahitaji miwani ya karibu tu. Miaka ikisonga, lenzi huingia ukungu: huo ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kusababisha upofu.

Ugonjwa huo hauponi kwa matone, majani wala leza ya konea. Daktari huitoa lenzi iliyochakaa na kuweka ya bandia, njia iliyoanzishwa na daktari wa macho Harold Ridley jijini London mwaka 1949. Kwa kawaida mtu mzima hutiwa ganzi ya jicho tu, bila kulazwa usingizi. Nguvu ya lenzi mpya ikipimwa vizuri, miwani ya mbali hupungua au huachwa kabisa, ingawa ya kusomea mara nyingi hubaki. Kwa wazee wengi, operesheni hii ndiyo inayoleta kile walichokitarajia kwa leza.

Yasiyorudishwa

Glakoma, ambayo mara nyingi huambatana na presha kubwa ya jicho, kwa kawaida hula uoni wa pembeni taratibu, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Mwenye ndugu wa damu aliyepofuka kwa glakoma apimwe mapema. Kisukari huharibu mishipa ya nyuma ya jicho. Pia upo upofu wa mto, unaoenezwa na nzi weusi wanaozaliana kwenye maji yaendayo kasi. Dawa ya ivermektini inayogawiwa vijijini hupunguza madhara yake, ila haifungui jicho lililokwisha kuharibika.

Hata hivyo leza ina kazi zake uzeeni: kushusha presha ya jicho, kutibu mishipa iliyoharibiwa na kisukari, na kusafisha utando unaoweza kuota nyuma ya lenzi ya bandia, hata miaka kadhaa baada ya operesheni.

Kabla ya kulipa

Jipime nyumbani. Keti ukingoni mwa mto, ziba jicho moja, tazama mitumbwi upande wa Lubunga. Kisha ziba la pili. Jicho zima huficha udhaifu wa mwenzake. Ukiona tofauti, nenda kwa daktari wa macho, na umuulize:

- Ukungu wangu unatoka kwenye konea, lenzi, au nyuma ya jicho?
- Presha ya jicho ni ngapi?
- Umepanua mboni na kuangalia nyuma ya jicho?
- Lenzi itakayowekwa imepimwa kwa jicho langu?
- Nitahitaji miwani gani baadaye?

Taja dawa zote unazokunywa, hasa za tezi dume na za kuzuia damu kuganda. Pima sukari na presha ya damu. Kama ulishafanyiwa leza ya konea ujanani, beba karatasi za vipimo vya wakati ule, maana leza hiyo hufanya hesabu ya lenzi ya bandia kuwa ngumu.

Baada ya operesheni

Tia matone hadi siku ya mwisho uliyoandikiwa. Usisugue jicho, usioge mtoni, usibebe mzigo mzito mpaka daktari akuruhusu. Maumivu makali, wekundu unaozidi au uoni unaoshuka ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Ndugu wa ng'ambo akisema yuko tayari kulipia leza, mwombe alipie kwanza uchunguzi kamili hapahapa Kisangani. Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kama safari ina maana, au kama miwani ya karibu inatosha.