Akiba ya afya ikipita kipimo



Wengi wetu tuna watoto na wadogo wanaofanya kazi Marekani. Juzi mama mmoja alinikuta kwenye dispensari na habari ya mtoto wake: «Mama, ndani ya akiba yangu ya afya, dola 500 zimezidi.» Mama alifurahi: «Basi azitume, tununue mabati!» Ngoja kwanza, mama. Tujifunze pamoja.

Akiba hiyo ni nini?

Kule wanaiita HSA. Ni ya mtu mwenye asiranse, ndiyo kusema bima, ya namna ambayo yeye mwenyewe hulipa sehemu kubwa ya matunzo mbele bima haijaanza kulipa. Feza anazoweka humo hazikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Akizitoa kwa kulipa munganga, dawa ao meno, hazikatwi vilevile. Kwa sababu ya faida hiyo, serikali imeweka kipimo. Kwa mwaka 2025 ni dola 4.300 kwa bima ya mtu mmoja, na 8.550 kwa bima ya jamaa. Kwa mwaka 2026 ni 4.400 na 8.750. Mwenye miaka 55 na zaidi anaongeza 1.000.

Zinazidi namna gani?

Feza ambazo kampuni inamwekea mfanyakazi nazo zinahesabiwa. Kijana wetu alibadilisha kazi katika mwaka 2025. Kwa kampuni ya kwanza ziliwekwa dola 2.400, kwa ya pili 2.400. Jumla 4.800. Kila kampuni ilihesabu zake tu. Kutafuta jumla ni kazi ya mtu mwenyewe.

Zile 500 zikibaki humo, zinakatwa kodi ya 6 kwa mia: dola 30. Na si mara moja, bali kila mwaka mpaka zitengenezwe.

Afanye nini?

1. Aandikie benki inayoshika akiba, aseme wazi: «Ninaondoa mchango uliozidi», pamoja na faida iliyozaliwa na feza hizo.

2. Afanye hivyo mbele ya siku ya mwisho ya kutoa hesabu ya kodi. Kwa mchango wa 2025, siku hiyo ni 15 Aprili 2026. Aliyetoa hesabu kwa wakati lakini akasahau kuziondoa, ana nafasi hadi 15 Oktoba 2026, akiisha kusahihisha hesabu yake.

3. Kama zile 500 hazikukatwa kodi, aziongeze kwa mapato ya 2025. Faida yake aiandike kwa mapato ya mwaka alioitoa.

Aliyechelewa kabisa alipe ile 6 kwa mia, halafu mwaka unaofuata aweke dola 500 chini ya kipimo chake.

Angalisho kwa wazazi

Kijana asizitoe kwa kadi kama feza za kawaida na kuzituma. Mtu asiyefika miaka 65 akitumia akiba hiyo kwa kitu kisicho cha matunzo, anakatwa kodi na tena azabu ya 20 kwa mia. Kwa dola 500, azabu peke yake ni dola 100. Hayo ni mabati mangapi?

Basi mtoto akisema «zimezidi», tusimharakishe. Tumwambie: «Uliza benki kwanza.» Zikiisha kuondolewa kwa njia yake, ni feza zake, na hapo mama anaweza kuongea habari ya nyumba.