Haki ya Njia na Wapitao

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), na ijulikane ya kwamba njia ni ya wote wapitao, si ya tajiri peke yake, wala si ya mwenye motokaa peke yake. Imepokewa katika Hadithi iliyo sahihi ya kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Wengi huifahamu Hadithi hii kwa mwiba na jiwe. Walakini udhia mkubwa wa zama hizi ni mwendo wa chombo kizito mahali wapitapo watoto na wazee. Udhia huo hauokotwi kwa mkono. Huondoshwa kwa namna njia inavyojengwa.

1. Kipimo cha njia ni mpita njia

Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaj ya kuwa njia ya watu wote haifanyiwi jambo lenye kuwadhuru wapitao. Atakaye kutokeza roshani juu ya njia, sharti aiinue hata mtu apite chini yake wima. Na ikiwa ni njia ya misafara, hata apite ngamia na machela iliyo juu yake. Amekataza pia kujenga baraza ndani ya njia au kupanda mti, ijapokuwa wako waliojuzisha pasipo madhara. Basi kinachotazamwa si matakwa ya mwenye nyumba, bali ni nani apitaye, na apita na nini.

2. Wapitao leo

Shirika la Afya Ulimwenguni limekisia ya kuwa mwaka 2021 walikufa barabarani watu 1,190,000, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu na wapandao baiskeli na pikipiki. Sababu yake ni dhahiri: mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kishindo huzidi mara nne, na mwenda kwa miguu hana chuma cha kumkinga.

3. Mfano wa Uholanzi

Mwaka 1971 walikufa katika barabara za Uholanzi watu zaidi ya 3,000, na miongoni mwao watoto zaidi ya 400. Wazazi wakaondoka kudai njia za salama. Mji wa Delft nao ulitengeneza mitaa ambayo gari halina budi kwenda polepole: njia ikapindwa, na miti ikapandwa. Mti uliokatazwa kwa kuwadhuru wapitao, hapa uliwalinda. Mwaka 1976 mitaa hiyo ikaingizwa katika sheria; kisha njia nyingi za baiskeli zikatengwa na za magari, na mitaa mingi ya nyumba ikawekewa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Mwaka 2023 waliokufa walikuwa 684, na magari yamezidi sana. Watu hawakugeuka malaika; ni njia zilizogeuzwa.

4. Yawapasayo watu wa pwani

Vichochoro vya Lamu na vya Mji Mkongwe wa Unguja vilijengwa kwa kipimo cha mtu na punda. Nje ya miji hiyo ya kale, barabara hupimwa kwa magari, na mwenda kwa miguu huachiwa ukingo wa mtaro. Dawa yake yajulikana: njia ya miguu iliyoinuliwa, matuta na kivuko mbele ya shule na msikiti, baiskeli itengwe penye magari ya mbio, na pasipotengeka, magari yapunguzwe mwendo.

Wazee na maimamu na waende barazani kwa wakubwa wa mji kabla ramani ya barabara haijakwisha, kwani lami ikishamwagwa ni ghali kuibomoa. Na mwenye duka ajazaye bidhaa njia ya miguu, na ajue ya kuwa amemsukuma mtoto wa mwenziwe katikati ya magari, ijapokuwa mkono wake haukumgusa.

Mwenyezi Mungu awawafikishe Waislamu kuitimiza haki ya njia. Amin.