Bure si Huria: Kusoma Leseni za Programu kwa Jicho la Isimu

Ukitaja "lisansi" hapa Katindo, msikilizaji atakuuliza umeipata katika kitivo gani. Neno hilo tumelipokea kutoka Kifaransa, na kwetu maana yake ni shahada. Ukitaja "leseni", neno ambalo Kiswahili cha Tanzania na Kenya kimelitoa katika Kiingereza, atafikiria udereva au biashara, yaani kibali cha serikali. Maana ya tatu, yaani ruhusa ambayo mwenye programu humpa mtumiaji, ni nadra kusikika katika mazungumzo yetu. Makala hii inaonyesha jinsi pengo hilo linavyoweza kugharimu kazi nzima.

Mfano ninaoujua ni wetu wenyewe. Tulikuwa wanafunzi watatu tukitengeneza mchezo wa simu wa kuwafundisha watoto ngeli za nomino. Tulitumia injini ya Godot, yenye leseni ya MIT. Muziki tuliupata kwenye intaneti, ukiwa na leseni ya Creative Commons yenye alama NC. Kwa vyote viwili tuliandika daftarini neno moja: "bure".

Hilo ndilo kosa la kwanza. Neno "free" la Kiingereza hubeba dhana mbili, kutolipa na kuwa na uhuru. Kiswahili huzitenganisha: bure na huru. Ndiyo sababu tunasema "programu huria". Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa leseni ya OpenOffice.org iliruhusu watu kuibadilisha na kuisambaza. Programu ya bure tu isingewapa haki hiyo. Muziki wetu nao ulikuwa wa bure, lakini NC hukataza matumizi ya kibiashara, nasi tulikusudia kuweka matangazo ili tupate pesa ya mega.

Kosa la pili ni la sarufi. Leseni ya MIT hutumia neno "shall" inapotaka tangazo la hakimiliki na maneno ya ruhusa yawemo katika kila nakala. Mwenzetu alifasiri: "yatajumuishwa". Kwa kiambishi -ta-, tukaisoma kama habari ya wakati ujao, kana kwamba injini ingeyaweka yenyewe. Katika lugha ya sheria neno hilo ni la wajibu: "lazima yajumuishwe". Sisi hatukuwa tumeyaweka popote.

Leseni ya GPL inadai zaidi: ukisambaza programu iliyojengwa juu ya msimbo wa GPL, lazima utoe pia msimbo wako kwa leseni hiyohiyo. Kiunganishi cha kutazama hapa ni "ilimradi". Kinachokitangulia ni ruhusa, kinachokifuata ni sharti, na sharti likivunjwa ruhusa nayo huondoka. Januari 2011 programu ya VLC iliondolewa katika duka la Apple, baada ya mmoja wa watunzi wake kulalamika kwamba kanuni za duka hazipatani na GPL.

Kwa hiyo nawapendekezea wenzangu utaratibu huu. Kwanza, pigia mstari vitenzi vya ruhusa: kutumia, kunakili, kubadilisha, kusambaza, kuuza. Pili, tafuta viunganishi vya sharti. Tatu, orodhesha makatazo. Nne, rudia hayo kwa kila picha, sauti na fonti, kwa sababu mchezo mmoja hubeba leseni nyingi.

Sisi tuliufuta muziki ule. Jirani mmoja alitupigia gitaa, tukamrekodi kwa simu. Kabla ya kuondoka alituuliza: "Sasa mimi nimewaruhusu nini?" Tuliketi naye tukaandika mistari minne kwa Kiswahili, tukihakikisha kwamba kila wajibu umeandikwa kwa "lazima".