SOMO: JE, GLASI MOJA YA DIVAI NI DAWA YA MOYO?



Katika kuzungukia wagonjwa tulimkuta mzee mmoja mwenye tansio. Karibu na kitanda chake kulikuwa chupa ya divai, wala hakuificha. «Mashemasi, hii si pombe,» akasema. «Mtoto wangu wa Ulaya ameniambia glasi moja kila jioni inalinda moyo.» Tulimwombea, lakini jibu hatukuwa nalo.

Neno hilo lilitoka wapi? Wafaransa wanakula mafuta mengi, lakini walionekana kufa kidogo kwa ugonjwa wa moyo kuliko Waingereza. Mwaka 1992 mwenye elimu wao Serge Renaud aliandika kwamba huenda ni kwa sababu ya divai. Hesabu nyingi nazo zilionyesha kwamba anayekunywa kidogo anaishi kuliko asiyekunywa kabisa.

Lakini hao wasiokunywa ni nani? Mwaka 1988 daktari Gerald Shaper, aliyepata kufundisha Makerere kule Uganda, alionyesha kwamba wengi wao walikuwa wanywaji zamani, wakaacha kwa sababu ya ugonjwa. Ukimlinganisha mgonjwa aliyeacha na mtu mzima anayeonja, bila shaka mwonjaji atashinda. Glasi haikumpa nguvu hiyo. Tena mwonjaji wa Ulaya mara nyingi ana feza, anakula mboga, anatembea.

Mwaka 2022 ilichapwa hesabu ya watu zaidi ya 370.000 wa Uingereza: hata kunywa kidogo kunaongeza hatari ya tansio na ya moyo, na kunywa sana kunaiongeza mno. Mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni likasema hakuna kipimo cha pombe kisicho na hatari. Na hiyo ni glasi inayopimwa; lutuku nani anaipima?

Wengine watatutajia 1 Timoteo 5:23. Waisome vizuri: ni habari ya tumbo, si ya moyo.

Tuliporudi kwa mzee, tukajua neno baya zaidi. Vidonge vyake vya tansio alikuwa ameacha kuvinunua, kwa kuwa feza ilikwenda kwa divai. Sasa binti yake ndiye anavinunua, na kila juma mzee anapimwa kwenye kituo cha afya.

Lakini aliyezoea kunywa sana kila siku asiache kwa ghafula akiwa peke yake. Anaweza kushikwa na mtetemeko, hata kifafa. Jamaa wampeleke kwanza kwa daktari.