Ndigana kali: kupe wa Kitale na mtamba wa Lodwar

Mzee mmoja aliyemleta mjukuu wake kliniki kwangu hapa Lodwar alikuwa na donge lingine moyoni. Aliwapelekea wakwe wa mwanawe huko Kitale mtamba wa mahari, na baada ya wiki tatu akafa. Tezi zilimvimba chini ya masikio, akashikwa na homa, akahema kwa shida huku povu likimtoka puani. Wakwe wanadai waliletewa mnyama mgonjwa. Mzee anaapa alikuwa mzima.

Mimi ni daktari wa watu, lakini dalili hizo ni za ndigana kali, na anayeieneza ni kupe wa masikio, yule wa rangi ya kahawia.

Kupe huyu hazaliwi na ugonjwa. Anapoanguliwa, akiwa na miguu 6, ni safi. Humnyonya ng'ombe mwenye vijidudu viitwavyo Theileria parva, akashiba, akaanguka nyasini na kujivua ngozi. Vijidudu navyo huhama kutoka tumboni mwake hadi kwenye tezi za mate. Akimpanda ng'ombe mwingine, sasa akiwa na miguu 8, humwambukiza kwa mate hayo. Lakini si papo hapo! Vijidudu huhitaji siku 3 au 4 hivi za kunyonya ndipo vikomae. Ndiyo maana wafugaji wa huko hupeleka ng'ombe joshoni mara mbili kwa wiki.

(Kupe wa buluu, aletaye mkojo mwekundu, ni mjanja zaidi: hurithisha vijidudu kupitia mayai. Kazi yake ilithibitishwa Marekani mwaka 1893, miaka 4 kabla ya Ronald Ross kukiona kidudu cha malaria ndani ya mbu.)

Kupe wa masikio hastahimili ukame wetu. Ndama wa Kitale anayenusurika hupata kinga. Mtamba wa Lodwar huenda huko bila kinga yoyote. Kwa hiyo mzee alisema kweli, na wakwe hawana hatia.

Ipo chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga: mnyama hudungwa vijidudu hai pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini. Achanjwe wiki kadhaa kabla ya safari, na afisa wa mifugo ndiye wa kuulizwa.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei.