SOMO: KUCHAGUA KISU CHA KUKUNJA

Ndugu mfanyakazi, kisu cha mfukoni hukata kamba, gunia na embe. Lakini kisu kibaya hujikunja na kukata vidole, na kibarua asiye na vidole hana mshahara. Kabla ya kununua:

1. Kifungue, sukuma mgongo wa bapa kwa kijiti. Kikijikunja, kiache. Chagua chenye kizuizi, kama pete ambayo Opinel wa Ufaransa walianza kuitia mwaka 1955.
2. Kitikise. Bapa likicheza, msumari wake umelegea.
3. Bapa lisizidi upana wa kiganja.
4. Chuma kinachoshika kutu hunoleka upesi. Kifute kila jioni.

Ukiitwa ofisi za wizara hapa Kacyiru, kiache nyumbani. Mlinzi wa lango hajui kazi yako. Anaona kisu tu.